Maji Yakipoteza Rangi, Je, Yamekuwa Safi?

Siku moja mama mmoja alifika zahanati akiwa na chupa mbili. Mama huyo hutia vitenge rangi za batiki.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Tazama chupa hizi."

Chupa moja ilikuwa na maji mekundu. Ya pili ilikuwa na maji meupe.

"Ni maji yale yale," alisema. "Haya meupe nimeyachuja mara tatu kwa mkaa uliopondwa. Je, mbuzi wangu wanaweza kuyanywa?"

Nilitia tone moja la maji meupe kidoleni. Nikasugua. Likateleza kama sabuni. Nilinawa upesi kwa maji mengi.

"Hapana mama," nilimjibu. "Rangi imetoka, lakini kostiki imebaki."

Kostiki ni dawa kali inayotiwa ndani ya rangi za batiki. Huunguza ngozi, mdomo na koo. Haina rangi, kwa hiyo macho hayawezi kuiona.

Rangi huondokaje?

Mkaa una vitundu vingi vidogo sana. Rangi hunasa humo, maji yakapita.

Wataalamu hutumia pia maganda ya kamba na kaa wa baharini. Kwanza huyaosha. Kisha huondoa chokaa kwa asidi, na mabaki ya nyama kwa kostiki. Mwishoni huyachemsha tena katika kostiki kali. Hupata kitu kiitwacho kitosani. Kitosani huyeyuka katika asidi hafifu, kama ile ya siki. Ikimwagwa juu ya kioo na kukauka, huwa utando mwembamba.

Rangi nyingi za nguo huvutwa na utando huo, kama msumari unavyovutwa na sumaku. Lakini si rangi zote. Ile dawa ya zambarau iitwayo GV nayo ni rangi, ila kitosani peke yake hainasi vizuri rangi ya aina hiyo. Tena utando hujaa. Ukijaa, haunasi tena.

Kutengeneza kitosani ni kazi ya wataalamu. Usijaribu nyumbani.

Kuondoa rangi kuna faida. Maji ya rangi yakiingia mtoni, huzuia mwanga wa jua. Mimea ya majini hukosa mwanga, na samaki hukosa hewa. Lakini kuondoa rangi hakufanyi maji kuwa ya kunywa. Hata kuchemsha hakusaidii hapa. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi kostiki.

Tufanye nini?

1. Maji ya rangi yakibaki, yatumie tena kutia nguo nyingine. Yatakayomwagwa yatakuwa machache.

2. Usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Tunafundishwa kuchimba choo angalau mita 30 kutoka kisimani. Shimo la maji ya rangi nalo lisiwe karibu zaidi ya hapo. Lichimbwe upande wa chini wa mteremko, si upande wa juu wa kisima.

3. Mkaa uliotumika kuchujia ufukie. Usiupikie, maana umebeba rangi.

4. Vaa mipira ya mikono. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula.

5. Usiweke kostiki katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma alama. Yeye huona chupa, akanywa.

Ajali ikitokea

Kostiki ikigusa ngozi au jicho, mwaga maji safi mengi hapo hapo, kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Kisha nenda zahanati.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Ikirudi juu, itaunguza koo mara ya pili. Mwahishe hospitali, na uichukue chupa aliyoinywea.

Mama yule alirudi nyumbani, akahamisha shimo lake. Mbuzi wake wanakunywa maji ya bombani. Mkaa wake bado anautumia, maana unapunguza rangi. Ila sasa anajua kazi yake inaishia wapi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maji meupe ya yule mama hayakufaa kunywewa?
2. Kuchemsha maji huondoa nini? Hakuondoi nini?
3. Katika kijiji chetu, maji ya rangi humwagwa wapi? Kisima kiko umbali gani?