FENI ISIPOZUNGUKA: KUTAFUTA HITILAFU YA UMEME KATIKA KUPOZA INJINI

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ufa wa fyuzi ya bei ndogo waweza kuunguza gasketi na kupindisha silinda hedi. Hapo mwenye taksi hana kazi, na karo ya watoto ndiyo hiyo imekwenda gereji.

Kwanza tuelewe kiini. Gari likija mbio kutoka Bumala, upepo hupita kwenye rejeta na kuyapoza maji. Likifika kwenye foleni ya mpakani, Busia au Malaba, upepo haupo. Ndipo feni ya umeme inapohitajika. Kwa hivyo dereva akikuambia, "Barabarani iko sawa, lakini kwa foleni inachemka," shuku feni kwanza. Gari linalochemka hata likiwa mbioni mara nyingi lina ugonjwa mwingine: maji yamepungua, rejeta imeziba, pampu imechoka au thamostati imekwama. Malori makubwa hayamo katika somo hili, maana feni zao nyingi huzungushwa na injini yenyewe.

Sasa tufuate njia ya umeme. Hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, kisha rilei, huingia feni na kurudi kwa waya wa athi. Rilei ni ile sumaku-umeme tuliyosoma katika Fizikia: mkondo mdogo huamrisha mkondo mkubwa. Anayeiambia rilei ifanye kazi ni swichi au kihisi cha joto.

Fundi mmoja wa jua kali alinifunza kupima hivi, gari likiwa limepoa:

1. Tazama maji. Yakiwa chini, kihisi hubaki hewani na kudanganya.

2. Chomoa plagi ya feni, uipe umeme wa betri moja kwa moja. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, ugonjwa uko njiani.

3. Pima fyuzi kwa taa ya volti 12, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Taa iwake pande zote mbili. Fyuzi ikiungua, weka ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa bodi au mota imekwama. Usifunge waya mahali pa fyuzi, utachoma gari!

4. Badilisha rilei kwa nyingine ya aina ile ile, kama ya honi ikiwa inalingana.

5. Kwa gari lenye swichi ya waya mbili kwenye rejeta, chomoa plagi uunganishe waya hizo. Feni ikizunguka, swichi ni mbovu. Lakini angalia: Toyota nyingi za zamani hufanya kinyume, ukichomoa plagi tu feni huzunguka. Magari ya kisasa hutumia kihisi ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda, na kompyuta ndiyo huamua.

6. Mwisho, pima athi.

Hili la mwisho ndilo watu husahau. Likizo ya Agosti niliona taksi ambayo mwenyewe alikuwa ameambiwa kwingine anunue gasketi mpya. Mota ilizunguka vizuri kwa betri, fyuzi na rilei zilikuwa nzima. Kumbe boliti ya athi ilikuwa imeliwa na kutu! Kipande cha msasa na spana namba 10 vilimaliza kazi. Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini, kwani pesa za gasketi alikuwa keshaanza kukopa.

Tahadhari mbili. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto; maji yatakurukia usoni. Na usitie vidole karibu na feni kabla ya kuchomoa plagi yake, maana katika magari mengine huanza yenyewe hata injini imezimwa.

Kuna wanaounga feni "direkti" izunguke daima. Gari litafika, ndiyo, lakini ugonjwa umefunikwa tu, haujatibiwa. Pima kwanza, ndipo ununue. Haraka haraka haina baraka.