Hesabu ekseli kwanza: maswali na majibu kuhusu malori ya Katanga

Barabara ya Taifa namba 1 kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa haifiki kilomita 100, lakini humo ndimo inamopita sehemu kubwa ya shaba ya Haut-Katanga na Lualaba ikielekea bandari za Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay. Upande wa kurudi, kwa njia hiyohiyo, huja salfa, chokaa, mafuta, unga na vipuri. Lami ikichimbika, kila mtu ana mtuhumiwa wake. Maswali tuliyoyachagua yanatoka pande zote mbili, kwa wanaolaumu malori na kwa wanaoyaendesha.

Malori marefu ya ekseli saba ndiyo yanayobomoa barabara yetu. Kwa nini yasipigwe marufuku, tubaki na malori mafupi?

Kwa sababu barabara haijui urefu wa lori, wala haijui uzito wake wote kwa pamoja. Inachokihisi ni mzigo unaoshuka kupitia ekseli moja, halafu inayofuata, halafu inayofuata. Jambo hili lilipimwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960. Wahandisi walijenga vipande vya barabara vya unene mbalimbali, wakapitisha malori yenye uzito tofauti mchana na usiku hadi ekseli zilizopita zikazidi milioni moja, huku wakipima nyufa na mabonde. Waliona kwamba uharibifu haupandi sawasawa na uzito. Ukiongeza mzigo wa ekseli, madhara yake yanapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 13, mzigo umeongezeka kwa asilimia 30 tu, lakini madhara yamekaribia mara tatu.

Chukua sasa lori lenye uzito wa jumla wa tani 48. Ekseli ya usukani ibebe tani 7, zibaki tani 41. Lori la ekseli tano litazigawa kwa ekseli nne za nyuma, kila moja tani 10.25. La ekseli sita litazigawa kwa tano, kila moja tani 8.2. Tofauti ya tani mbili inaonekana ndogo, lakini ukipiga hesabu ya kipeo cha nne na kuzijumlisha ekseli zote za nyuma, lile lori fupi linaiumiza barabara karibu mara mbili ya lile refu, kwa mzigo uleule. Anayetaka kupiga marufuku malori marefu, bila kukusudia, anaomba barabara iharibike upesi zaidi.

Majaribio hayo yalifanyika kwenye nchi ya theluji. Yanatuhusu nini sisi wa Katanga?

Hoja hii ina uzito. Illinois udongo huganda wakati wa baridi na kulegea majira yakibadilika, na ndipo vipande vingi vya majaribio vilipovunjika. Lubumbashi hakuna theluji. Zaidi ya hayo, wahandisi waliokuja baadaye wameonyesha kwamba kipeo hicho hubadilika kufuatana na aina ya barabara na aina ya kasoro inayopimwa: kinaweza kushuka chini ya tatu, kinaweza kuzidi tano. Nne haikushuka kutoka mbinguni.

Hata hivyo, tujaribu kuidhoofisha hoja yetu wenyewe. Tuseme kipeo ni mbili tu, kiwango ambacho wengi watakiona kidogo mno. Lile lori la ekseli tano bado litaharibu kwa robo zaidi kuliko la ekseli sita. Hukumu haigeuki, ila ukubwa wa adhabu ndio unaopungua. Na sisi tuna kitu kinachochukua nafasi ya theluji: mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtaro ukiziba na maji yakapenya chini ya lami, tabaka la laterite linalainika, na ekseli nzito ikipita hapo mwezi Februari inafanya kazi ambayo mwezi Agosti isingeifanya. Wapo wanaosema kinachoua barabara ni maji, uzito unasingiziwa tu. Wamesema nusu. Maji hulegeza, lakini tundu huchimbwa na gurudumu linalopita juu ya kilicholegea.

Lori la shaba linaonekana nusu tupu. Kwa nini lisiongezewe mzigo ili malori yapungue barabarani?

Macho ndiyo yanayodanganya hapa, na shaba ni hodari wa kuyadanganya. Mita moja ya ujazo ya shaba ina karibu tani 9. Tani 34 za shaba tupu, zikiyeyushwa ziwe kipande kimoja, hazifiki mita nne za ujazo. Ndiyo maana tela la mita kumi na kitu hubeba mafungu machache ya kathodi yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kila fungu tani mbili na zaidi, na kati yake sakafu iko wazi. Lori hilo limejaa, tena pengine limefika ukomo wa sheria. Gunia kubwa la hidroksidi ya kobalti linajaza nafasi zaidi kwa uzito mdogo zaidi, na tangi la asidi ya salfa hupotosha vilevile: lita moja ya asidi ina uzito wa karibu kilo 1.84, kwa hiyo tangi la asidi huwa dogo kuliko la petroli, na dereva asiyejua huliona limepunjwa.

Mzigo mzito wenye umbo dogo unaleta shida nyingine, ile ya mahali pa kuuweka. Viwango vinavyotumika sana katika ukanda wetu, vikiwemo vya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ni tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja, tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja, na jumla isiyozidi tani 56. Lori la ekseli sita, yaani kichwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) na tela la ekseli tatu, likijumlishwa linapata 8 na 18 na 24, sawa na tani 50. Likipakiwa tani 50 kamili halina nafasi ya kukosea hata kidogo. Fungu moja la kathodi likisogezwa mbele mno, difu zinapita tani 18. Likirudishwa nyuma mno, tela linapita tani 24. Lori la matela mawili lenye ekseli saba lina 8 na 18 mara tatu, jumla tani 62, lakini sheria inalikomesha kwenye 56. Tani sita hizo za ziada ndizo zinazomwokoa mpakiaji ambaye hakupima kwa rula. Kwa maoni yangu, faida hii ya ekseli ya saba haisemwi vya kutosha: pamoja na mzigo zaidi, inaleta pia ustahimilivu wa makosa ya upakiaji, na makosa hayo ni ya kila siku.

Difu moja, difu mbili, ekseli ya kunyanyua, tairi moja pana: kuna tofauti gani kwa barabara?

Difu inahusu nguvu ya kuvuta. Kichwa cha difu mbili husukumwa na ekseli mbili za nyuma, hivyo hakikwami upesi kwenye matope, na ndiyo sababu kinapendwa huku kuliko Ulaya. Kwa lami, ekseli inayosukuma na isiyosukuma zinahesabiwa sawa.

Ekseli ya kunyanyua ni nzuri lori likiwa tupu, maana inaokoa matairi. Lori likiwa na mzigo, dereva akiinyanyua ili apate mshiko au ili matairi yasisagike, anazirushia ekseli nyingine uzito wake wote, na lori la ekseli sita linakuwa la tano hadi mizani inayofuata. Kuhusu tairi moja pana badala ya mbili: inapunguza uzito wa lori na mafuta, lakini inagusa lami kwa eneo dogo zaidi kuliko tairi mbili, na kwa sababu hiyo sheria ya Jumuiya inaiwekea tani 8.5 badala ya 10. Nakubali pia lawama moja dhidi ya ekseli tatu za pamoja. Zikikata kona kali haziwezi kupinda zote, zinaburuzika kando na kuchubua lami. Kwenye mizunguko ya Lubumbashi madhara hayo yapo, lakini ni ya kwenye kona, na barabara ya Kasumbalesa kwa sehemu kubwa imenyooka.

Madereva wazee wanasema zamani malori hayakuharibu barabara. Wanadanganya?

Hawadanganyi, ila wanakumbuka lori na kusahau treni. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 kutoka kusini. Mwaka 1931 ikaunganishwa na Lobito kupitia reli ya Benguela. Shaba ilisafiri kwa behewa, lori likabaki na kazi ya mahindi, mbao na bidhaa za dukani. Reli ya Benguela ilipokatwa na vita vya Angola mwaka 1975, mzigo ulibaki kwenye njia ya kusini na ile ya bandari ya mtoni ya Ilebo, bado juu ya vyuma. Kisha kampuni ya madini ya Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikaanguka hadi tani 30,000 hivi mwaka 1994. Kizazi cha madereva kiliiona barabara iliyopumzika kwa kukosa kazi.

Ukisikiliza kumbukumbu za wenzao wa Zambia na Tanzania, utapata picha nyingine. Baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wa upande mmoja wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta na shaba kwa barabara ya vumbi hadi Dar es Salaam. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services yenye malori ya Fiat na matela yake. Njia ile iliitwa njia ya jehanamu, na hakuna dereva wa wakati ule anayesema haikuharibika. Ilibidi iwekwe lami, na reli ya TAZARA ijengwe kando yake na kukamilika mwaka 1975. Kumbukumbu za pande hizi mbili hazipingani. Kilichozitofautisha ni kiasi cha mzigo kilichoangukia barabara.

Leo kimetuangukia sisi. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba. Kama yote ingepita barabarani kwa malori ya tani 33, ni zaidi ya malori 200 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kabla ya kuhesabu yanayoingia. Njia ya Lobito, iliyokabidhiwa kwa kampuni mpya kwa miaka 30, itapunguza baadhi ya hayo, hasa ya upande wa Kolwezi. Haitabeba mchanga wa kujengea Lubumbashi.

Mwenye lori atauliza: ekseli zaidi ni matairi zaidi. Nani analipa?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Lori la ekseli tano lina matairi 18, la sita lina 22, la saba lina 26, na kila ekseli ina breki, springi na beringi zake. Mwenye lori ananunua ekseli ili barabara ya serikali ipone. Faida ni ya wote, gharama ni yake. Anaporudishiwa faida hiyo ni pale tu sheria inapomruhusu mzigo mkubwa zaidi na mizani inapomzuia mwenzake asiyenunua ekseli. Mizani isipofanya kazi, mwaminifu ndiye mjinga wa soko. Vibaya zaidi, popote ushuru wa peaji unapotozwa kwa kuhesabu ekseli, aliyetawanya mzigo analipa zaidi ya aliyeulundika. Ushuru wa haki ungefuata mzigo wa kila ekseli. Mpaka hapo, kumhubiria mwenye lori uzalendo ni kupoteza pumzi.

Kama malori marefu hayana hatia kubwa, nani basi anayebomoa, na serikali ianzie wapi?

Lori la kwenda Dar es Salaam lina walinzi wengi mbele yake: mizani ya Kafulafuta, Kapiri Mposhi na Mpika upande wa Zambia, kisha Mpemba, Makambako na Vigwaza upande wa Tanzania. Mpakiaji wa Kolwezi anajua kwamba kosa lake litamsimamisha dereva ugenini, kwa hiyo anapima kabla lori halijatoka. Anayesafirisha ndani ya mkoa hana hofu hiyo. Tazama tipa la ekseli tatu linalobeba mchanga au mawe ya madini. Kisheria uzito wake wote haupaswi kuzidi tani 26, na lenyewe tupu lina kama tani 12, basi haki yake ni tani 14. Sanduku lake la mita za ujazo 16 likijazwa mchanga mbichi wa tani 1.7 kwa mita, ni tani 27. Jumla tani 39. Toa 9 za mbele, ekseli mbili za nyuma zinabeba 15 kila moja badala ya 9. Kwa kipeo cha nne, kila ekseli inaharibu karibu mara nane ya inavyoruhusiwa. Kwa kile kipeo dhaifu cha mbili tulichokikubali juu, bado ni karibu mara tatu. Na tipa hili haliendi safari moja kwa wiki tatu. Linarudi machimboni mara kadhaa kwa siku.

Watetezi wake watasema ni biashara ya wanyonge, na ujenzi utapanda bei. Utapanda, kiasi. Lakini barabara inayobomoka inampandishia bei hata mama anayeleta unga kutoka Kasumbalesa, ambaye hakupata senti ya mchanga ule. Kwa hiyo fedha za baskuli mpya zisianzie mpakani, ambako Wazambia wanapima tayari. Zianzie kwenye lango la chimbo la mchanga na la bohari ya madini, kwa mizani ya kubebeka inayopima ekseli moja moja, na mstari uchorwe kwa rangi ndani ya kila sanduku la tipa kuonyesha mchanga unapaswa kukoma wapi. Kwenye sanduku la mita 16, mstari huo utakuwa juu kidogo tu ya nusu.