Theluji ya Ulaya kwa mfuko wa Cibitoke

Ukitaja skii hapa Cibitoke, Burundi, watu wanacheka. Mchezo wa matajiri, wanasema, tena wa Wazungu. Nusu ya neno hilo ni kweli. Ukienda wiki za likizo za Februari, ukalala hoteli iliyo chini ya mlima wenye jina, ukanunua kila kitu kipya dukani, utarudi na madeni. Lakini theluji yenyewe ni ya bure. Kinachokula pesa ni tarehe, jina la mlima na mavazi, na vyote vitatu mtu anaweza kuvipanga akiwa nyumbani, hata huku kwetu ambako barafu tunayoijua ni ile ya friza.

Kwanza kabisa, usifunge safari kutoka Bujumbura kwa ajili ya skii peke yake. Tiketi ya ndege itakumaliza. Skii ni siku chache unazozichomeka ndani ya safari ambayo ungeifanya vyovyote vile: kumtembelea ndugu, harusi, mafunzo ya kazi. Mimi nilikuwa naenda kwa dada yangu mkubwa anayeishi Liège, Ubelgiji, na siku za mlimani tukazitia katikati ya ziara hiyo, yeye, shemeji, mtoto wao na mimi.

Viza ya Schengen ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 12 analipa nusu, wa chini ya hapo halipi. Ukinyimwa, pesa hairudi. Ombi unalipeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa nchi yenye mlima. Ndiyo maana mimi niliomba ya Ubelgiji ingawa theluji yangu ilikuwa Ufaransa. Ndugu anayekupokea huko anakwenda kwenye komini yake kuomba karatasi ya dhamana, prise en charge, ile Annexe 3bis, na kuonyesha mshahara wake. Safari ya mlimani usiifiche. Iandike kwenye ratiba pamoja na anwani ya nyumba mtakayopanga.

Bima ndiyo inayosahauliwa. Sheria inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na watu hununua ya bei ya chini kabisa bila kusoma maandishi madogo. Yasome. Bima nyingi za safari zinaiacha nje michezo ya theluji. Ufaransa, ukivunjika mguu kwenye mteremko, gharama ya kukushusha na machela unaletewa wewe. Kama bima yako haigusi jambo hilo, kuna bima ndogo iitwayo Carré Neige inayouzwa pale pale dirishani pa tiketi za lifti kwa euro chache kwa siku. Hapo usibane matumizi.

Tarehe sasa. Likizo za Februari za Ufaransa zinagawanywa kwa kanda tatu, A, B na C, na zote pamoja zinachukua karibu wiki nne, hadi mwanzoni mwa Machi. Watoto wa Wabelgiji, Waholanzi na Waingereza nao wanafunga shule wakati huo huo. Kila mwenye chumba mlimani analijua hilo na anapandisha bei. Dirisha la mtu asiye na kitu ni Januari, baada ya wageni wa Mwaka Mpya kuondoka na kabla ya hizo kanda kuanza. Baridi ni kali, mchana ni mfupi, lakini nyumba ni tupu na foleni hakuna. Kwetu iliwezekana kwa sababu mtoto wa dada alikuwa bado hajafika miaka 5, umri ambao shule inakuwa ya lazima Ubelgiji. Mwenye watoto wa shule atafute siku za mwisho wa wiki za Januari, Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Mlima upi? Hapa watu wanaleta majina waliyoyaona kwenye televisheni. Les 3 Vallées, kule Alps, ina kilomita 600 za miteremko, na tiketi yake ya siku moja kwa mtu mzima inapita euro 70. Mwanafunzi wa skii atashinda siku nzima kwenye mita mia mbili za kwanza. Hizo kilomita nyingine analipia za nini? Shemeji alipendekeza tubaki Ubelgiji, na kweli kuna skii Ovifat na Baraque de Fraiture, karibu kabisa na Liège. Tatizo ni kimo. Kilele cha juu kuliko vyote Ubelgiji, Signal de Botrange, ni mita 694. Maji ya Tanganyika tunamooga pale Saga Plage yako mita 773. Nchi ambayo mlima wake uko chini ya ziwa letu haiwezi kukuahidi theluji kwa tarehe. Wanafungua ikianguka, na ukishapanga safari kutoka Bujumbura huwezi kusubiri mawingu.

Tukachagua La Bresse, kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa. Kutoka Liège unafika kwa gari asubuhi hadi mchana. Hapa pia theluji si ya uhakika kama Alps, lakini wana mashine za kuitengeneza, na tiketi ya lifti ni karibu nusu ya ile ya vituo vikubwa vya Alps. Kwa gari, kumbuka sheria ya milima ya Ufaransa: tangu Novemba 2021, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, kwenye komini nyingi za milimani lazima uwe na matairi ya baridi au minyororo ndani ya buti.

Nafika kwenye mavazi, na hapa mtu wa Bujumbura anamshinda mtu wa Brussels. Mabelo ya caguwa, yaani mitumba, yanayofunguliwa kwenye masoko ya Ruvumera na kwa Siyoni yanatoka huko huko Ulaya, na ndani yake mnakuja jaketi za skii na suruali zake ambazo muuzaji hajui amuuzie nani. Jaketi nzito bado ina mnunuzi: wenye pikipiki na madereva wanaopanda milima ya Bugarama usiku wanaitaka. Lakini suruali ya skii, ile pana yenye kitambaa cha ndani cha kubana kifundo cha mguu, katika mji ambao mchana joto linakaribia nyuzi 30? Muuzaji wangu alikuwa ameitandika chini kama mkeka. Usionyeshe furaha. Geuza nguo ndani nje utazame mishono, vuta zipu zote, kisha uweke mdomo kwenye kitambaa na kupuliza: pumzi ikipita kirahisi, upepo na maji pia vitapita. Jaketi ya kweli ya skii ina kipande cha ndani kiunoni kinachofungwa ili theluji isiingie ukianguka. Utaanguka.

Ndani vaa sufu nyembamba au nguo za michezo za nailoni, si pamba. Pamba inashika jasho, na jasho hilo mlimani linageuka barafu mgongoni. Jinzi ni mbaya kuliko zote. Glavu na soksi nilinunua mpya Liège. Skii, viatu vyake na kofia ngumu ni vya kukodi, na kofia ya caguwa usiiguse, kwa sababu iliyowahi kugonga haionyeshi ufa wake.

Chakula: panga nyumba yenye jiko, si hoteli. Bei ya sahani moja ya mgahawa wa juu mlimani inalisha watu wanne ukipika mwenyewe. Nyama na maziwa huruhusiwi kuingiza Ulaya kutoka kwetu, lakini samaki wakavu wa matumizi yako wanaruhusiwa hadi kilo 20. Ndagala zangu zilipita. Jirani wa ghorofa ya juu alikuja kuuliza harufu ile ni ya nini, akaonjeshwa, hakurudi tena.

Sasa kuteleza kwenyewe. Siku ya kwanza chukua somo la kikundi, na uulize kama kuna tiketi ya wanaoanza. Baadhi ya vituo havitozi kitu kwa lifti ndogo za chini. Rangi za njia ni kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Kaa kwenye kijani. Lakini mimi nakushauri zaidi skii ya kutembea, ya msituni, isiyohitaji lifti. Vifaa vyake ni vyepesi, kukodi ni nafuu, tiketi ya njia ni sehemu ndogo tu ya ile ya lifti. Pale La Bresse inafanyika upande wa Lispach, kwenye misunobari. Ni skii hiyo hiyo ambayo Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa kutoka upande wa Eldoret, alishindania kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari kumkumbatia. Mwenye pumzi na magoti mazima ataiweza. Dada yangu, ambaye hana subira, aliiacha akachukua sleji na mtoto.

Anayetaka milima mirefu kwa bei ndogo aangalie Bansko, Bulgaria, saa tatu hivi kwa basi kutoka Sofia. Tangu Januari 2025 nchi hiyo imo Schengen kikamilifu. Andorra nayo inasifiwa kwa bei, lakini haimo Schengen: ukiingia na viza ya kuingia mara moja, umejitoa mwenyewe, na mlango wa kurudi umefungwa.

Ombi la viza linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayetaka Januari atafute miadi Julai, na aanze kupita Ruvumera mapema zaidi, maana suruali za skii haziagizwi. Zinakuja belo likitaka.