Yakini Haiondolewi na Shaka: Somo Kuhusu Wasiwasi



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalo na wachache tunalisema: wasiwasi. Nitaanza na yaliyonipata mwenyewe.

Muhula uliopita nilikuwa katika safu ya swala ya Isha, katika msikiti mmoja hapa Juba. Tukiwa rakaa ya pili, lori la maji likapasuka tairi barabarani. Mlio ulikuwa mmoja tu. Imamu hakusita na safu haikutikisika. Lakini moyo wangu ulianza kwenda mbio, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, nikaona kabisa kwamba nakufa. Nilitoka kwenye safu nikaketi mlangoni, penye viatu, mpaka swala ikaisha.

Wiki iliyofuata hali ile ilirudi, safari hii bila mlio wowote, nikiwa nasubiri kuingia kwenye mtihani. Nikamwendea kaka mmoja wa jumuiya yetu, nikamwambia, "Kaka, nina wasiwasi mwingi." Akanijibu kwa upole, "Hiyo ni kazi ya Shetani, ndugu yangu. Zidisha Qur'an. Imani ikikaa sawa, itaondoka."

Nikazidisha. Haikuondoka. Basi nikapiga hesabu ambayo nadhani baadhi yenu mmewahi kuipiga: kama nasoma na sijapona, basi kasoro ni imani yangu. Kwa mwezi mzima nikawa naswali chumbani peke yangu, kwa aibu.

Neno lililotuchanganya

Kaka yule alininasihi kwa mapenzi, na kusoma Qur'an ni kheri wakati wote. Tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili kimelipata neno "wasiwasi" kutoka Kiarabu, waswas, na Mwislamu akilisikia hukumbuka Suratun-Nas, ambamo tunafundishwa kujikinga na mnong'onezaji. Kwa hiyo mtu anaposema "nina wasiwasi", msikilizaji husikia habari za Shetani, hata kama msemaji anaeleza kifua kinachobana na usiku usio na usingizi.

Sunna ina maneno mengine. Katika dua iliyopokewa na Anas bin Malik, iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Mola wake kutokana na hamm na hazan. Wanazuoni wameeleza kuwa hazan ni huzuni ya lililopita, na hamm ni dhiki ya moyo kwa lile linalohofiwa kuja. Hamm ndiyo hali tunayoizungumzia hapa. Ikiwa Mtume (s.a.w.) aliiombea kinga mara kwa mara, nani atathubutu kusema kuwa inampata mwenye imani pungufu tu?

Tazama na Qur'an. Nabii Ibrahim (a.s.) aliingiwa na hofu wageni wake walipokataa kula (Hud 11:70). Nabii Musa (a.s.) alihisi hofu nafsini mwake mbele ya wachawi (Taha 20:67). Mama yake Musa, baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake ulibaki mtupu (Al-Qasas 28:10). Hawa hawakulaumiwa kwa kuhisi, walitulizwa. Ndiyo maana katika somo la tawhid tunafundishwa kuitenga hofu ya maumbile, kama ya mtu aliyekutana na simba, na ile hofu ya ibada anayostahiki Allah peke yake. Hofu ya maumbile si dhambi.

Hofu yenye kazi na hofu iliyobaki

Sisi wa Juba tuna la ziada. Mapigano yalipozuka mjini Julai 2016, nilikuwa na miaka 12. Tulilala sakafuni, chini ya vitanda, na baadaye familia ikakimbilia Kakuma, Kenya, ambako nilijifunza Kiswahili hiki. Hofu ya siku zile ilikuwa na kazi. Mwili ukihisi hatari hutoa adrenalini. Moyo huongeza mwendo ili misuli ipate damu, na pumzi huongezeka. Ni mlinzi tuliyepewa na Muumba.

Wasiwasi unaoumiza ni pale mlinzi huyo anapoendelea kupiga kelele ilhali mwizi hayupo. Tairi lilipasuka, mwili wangu ukasikia mwaka 2016. Hata ganzi ya vidole ilikuwa na sababu: nilikuwa nahema haraka kupita kiasi. Hayakuwa mauti.

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa, katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, takriban mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la afya ya akili.

Utaujuaje?

Jichunguze kwa uaminifu:

- Unafikiria mabaya yatakayokuja kwa siku nyingi, na huwezi kujizuia.
- Usingizi hauji, au unaamka usiku wa manane moyo ukidunda.
- Misuli inakaza, tumbo linavurugika, unachoka bila kazi.
- Unasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kinachoingia.
- Umeanza kukwepa: darasa, soko, msikiti, simu ya nyumbani.

Hilo la mwisho lishike sana. Kukwepa hutuliza kwa saa moja na kuukuza wasiwasi kwa wiki nzima. Nilidhani kuswali chumbani kunanisitiri, kumbe kila siku niliyokaa mbali na safu ilinifanya niiogope zaidi.

Kanuni ya fiqhi iliyonisaidia

Nilipata mlango katika somo la qawaid. Ustadhi alikuwa akitufundisha moja ya kanuni 5 kuu za fiqhi: yakini haiondolewi na shaka. Asili yake ni hadithi ya Bukhari na Muslim, ya mtu aliyelalamika kuwa hudhani udhu wake umetenguka akiwa ndani ya swala. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Nikakumbuka viatu pale mlangoni. Mimi nilitoka kwa dhana.

Usiku ule nikachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa Shaka niliandika: nitafukuzwa chuo, nitarudi nyumbani mikono mitupu, nitakuwa aibu ya ukoo. Upande wa Yakini nikaandika: mshahara wa baba umechelewa, na ada inatakiwa mwisho wa mwezi. Ilikuwa mistari 2 tu. Mistari hiyo ilikuwa na la kufanya: asubuhi nilikwenda ofisi ya fedha kuomba nilipe kwa awamu.

Fahamu, kanuni hii haisemi kwamba kila hofu ni ya bure. Juba si mji wa kuambiana hivyo. Ukiambiwa barabara fulani si salama usiku, hiyo iandike upande wa Yakini, na usipite.

Mambo ya kufanya kila siku

1. Hali ikikushika, kaa hapo hapo kama pako salama. Vuta pumzi polepole kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika chache. Mawimbi haya hupanda, kisha hushuka yenyewe.

2. Weka akiba wakati wa utulivu. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Alishauri mtu aandae fikra njema akiwa mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura. Mimi nimeandika zangu nyuma ya daftari lile.

3. Punguza kahawa. Ile ya tangawizi kwa mama chai ni tamu, lakini vikombe vitatu usiku wa kujisomea huuongezea moyo mbio.

4. Rudi kidogo kidogo kwenye ulichokikwepa. Mimi nilianza kwa safu ya nyuma, karibu na mlango.

5. Tafuta tiba. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza maswahaba kujitibu. Ikiwa hali imedumu miezi, au imekuzuia kula, kulala au kusoma, mwone mhudumu wa afya. Ni kweli, msaada kwetu ni haba: Amnesty International iliripoti mwaka 2016 kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari 2 wa magonjwa ya akili. Basi anza na muuguzi au daktari wa zahanati iliyo karibu. Na ukifikia kuwaza kujidhuru, usikae peke yako hata usiku mmoja; mwambie mtu sasa hivi.

Nani atasema kutafuta tiba kunapunguza tawakkul? Mrudie mama yake Musa. Allah aliutia nguvu moyo wake, na aya inayofuata inatueleza kuwa alimtuma dada yake Musa afuatilie habari zake (28:11). Alikuwa na ahadi ya Mola wake, na bado alifanya linalowezekana.

Mwisho

Wasiwasi haujaniacha kabisa. Bado nashtuka milio ya ghafla. Lakini naswali Isha katika safu, na nikishtuka, nabaki.

Ombi langu kwenu viongozi na wanachama wa jumuiya: ndugu au dada akikujia na kusema "nina wasiwasi", usiharakie kupima imani yake. Muulize kwanza, "Tangu lini? Unalala?" Msikilize amalize. Kisha msomee dua, na kesho yake msindikize zahanati.

Ewe Mola, tukinge na hamm na hazan, uutulize mji wetu na nyoyo zetu. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.