UZI NA KITAMBAA: SOMO TULILOPATA KATIKA MCHEZO WA HISTORIA



Juma lililopita Mwalimu wa historia alituchezesha mchezo. Kila kikundi kilikuwa mji mmoja wa Lancashire, Uingereza, mwaka 1730. Tulipewa punje 20 za maharagwe, ndiyo feza yetu. Gurudumu la kusokota uzi ni punje 1, kitanda cha kufumia nguo ni punje 2. Gurudumu 4 zinalisha kitanda 1. Sisi wa darasa la sita tulijiona wenye akili: tulinunua vitanda 10. Uzi hapana! Wadogo wetu wa darasa la tatu walitushinda, tena walicheka sana. Basi tulienda kusoma, na haya ndiyo tuliyoyaona.

1. Kazi mbili, mbio mbili.
Mbele ya mashini, kazi ilifanyika nyumbani. Wanawake na watoto walisokota, wanaume wengi walifuma. Mfumaji mmoja alimaliza uzi wa wasokotaji wanne hata kupita. Mwaka 1733 John Kay alipata hati ya kifaa chake: mfumaji anavuta kamba tu, kijiti chenye uzi kinaruka upande hata upande. Kufuma kukaenda mbio zaidi. Je, ilikuwa faida? Ndiyo, lakini njaa ya uzi ilizidi. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

2. Fundo linahama.
Karibu na mwaka 1764 James Hargreaves alitengeneza mashini ya kusokota nyuzi 8 mara moja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hati ya mashini yake ya kusokota, na mwaka 1771 alianza kiwanda Cromford, ambamo maji yalizungusha mashini hizo. Mwaka 1779 Samuel Crompton aliunganisha njia zile mbili, akapata uzi mwembamba tena wenye nguvu. Sasa uzi ukawa mwingi kupita wafumaji! Wafumaji wa mikono wakatafutwa sana na kulipwa vizuri. Nyuma yake, mwaka 1785, mchungaji mmoja wa kanisa, Edmund Cartwright, akapata hati ya mashini ya kufuma. Kwanza haikufanya kazi vizuri. Mafundi wengine waliirekebisha, na baada ya 1820 ikaenea.

Angalieni basi: mashini inafungua fundo hapa, inalifunga kule.

3. Nani alilipa?
Maharagwe hayalii, lakini watu wanalia. Mshahara wa wafumaji wa mikono ulishuka mwaka kwa mwaka. Mwaka 1826 wengi wao huko Lancashire walivunja mashini za kufuma. Katika jaribio moja sisi wenyewe tuliandika kwamba walikuwa wajinga. Leo tunajuta. Walijua vizuri kabisa nini kilichopotea: chakula cha watoto wao. Na watoto nao walitumikishwa viwandani. Ni sheria ya mwaka 1833 iliyokataza wale wasiotimiza miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo.

Tena pamba ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Marekani, kwa mikono ya watumwa. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashini ya kutoa mbegu katika pamba, na mashamba yakapanuka. Watumwa huko walikuwa karibu 700.000 mwaka 1790. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Na inchini mwetu, tangu 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kulima pamba. Muulize babu yako.

Kwa hiyo, wenzetu, siku ya mtihani musitaje majina ya mafundi tu kama kuita orodha ya darasa. Ulizeni: kazi gani ilibaki nyuma? Nani alilipa?

MAULIZO
a) Kwa nini kifaa cha Kay kilileta njaa ya uzi?
b) Kwa punje 20, utapata vitanda vingapi vyenye uzi wa kutosha?
c) Wewe ungekuwa mfumaji mwaka 1826, ungefanya nini?

Mutuletee majibu mbele ya mchezo ujao. Safari hii hatutaki kuchekwa.