Dondoo muhimu: Kinyonga wako akiugua

Kinyonga huficha ugonjwa mpaka azidiwe, hivyo mtazame kila siku. Macho yaliyodidimia, au ile sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka rangi ya chungwa, ni dalili za kiu. Usimtegee bakuli, kwani wengi hawalijali. Nyunyizia majani maji asubuhi na jioni, alambe matone.

Baya zaidi ni mifupa kulainika: miguu hupinda, taya hulegea, ulimi hushindwa kunasa panzi. Chanzo ni upungufu wa kalsiamu na wa mionzi ya UVB. Jua la dirishani halisaidii, kioo huzuia mionzi hiyo. Mtoe nje penye jua na kivuli cha kukimbilia, au mwekee taa ya UVB, na wadudu uwapake unga wa kalsiamu. Mguu uliokwisha kupinda huenda usinyooke tena, ila ugonjwa waweza kuzuiwa usiendelee.

Kuachama pekee huenda ni joto tu. Kukiandamana na mapovu au mlio wa pumzi, muone daktari wa mifugo. Dawa za kuku za kubahatisha ni hatari. Jike mwenye mayai aandaliwe ndoo ya mchanga wenye unyevu. Akichimba bila kutaga huku akidhoofika, wahi kwa daktari. Yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya hahitaji ndoo: huzaa.