MARADHI YA UMIO: TONGE LINAPOKATAA KUSHUKA

Umio ni njia ya chakula itokayo kooni, ikapita kifuani mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimeta 25. Wengi hudhani kwamba tonge huanguka humo kama jiwe kisimani. Sivyo. Umio una misuli ijikazayo na kulegea kwa zamu, ikisukuma chakula chini. Mwishoni pana pete ya misuli: tonge likifika hulegea, na likiisha kupita hujifunga, ili uchachu wa tumbo usirudi juu.

Chakula kikikwama kifuani mara kwa mara, yapasa kutafuta sababu, kwa maana dawa ya ugonjwa mmoja siyo dawa ya mwingine. Hapa twaeleza sababu tatu.

Ya kwanza ni akalasia. Mishipa ya fahamu iiamuruyo ile pete hufa, nayo pete hukataa kulegea. Dalili yake ni hii: maji na uji huweza kukwama sawasawa na ugali tangu mwanzo, na usiku chakula hurudi mdomoni kikamkohoza mgonjwa. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, aliandika mwaka 1674 habari za mgonjwa aliyesukuma chakula chake kwa ufito wa nyangumi wenye sifongo nchani. Mwaka 1913 Ernst Heller wa Ujerumani aliipasua misuli ya pete hiyo, na mpaka leo upasuaji wa namna hiyo hufanywa. Wengine hutanuliwa pete kwa puto maalum.

Ya pili ni kovu. Mtoto akinywa maji ya kostiki ya kutengenezea sabuni, au tindikali ya betri, umio huungua, kisha kovu huubana. Vitu hivyo visiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto aliyekunywa asitapishwe, maana vitamwunguza mara ya pili. Apelekwe hospitali upesi. Kovu hutanuliwa na daktari kidogo kidogo.

Ya tatu, nayo ni ya kuogopwa zaidi, ni saratani. Upande wa mashariki ya Afrika, toka Ethiopia kupita Kenya na Tanzania mpaka Malawi, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Tena mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la kupita digrii 65 yamkini huleta saratani hiyo. Basi chai na uji viachwe vipoe kidogo.

Saratani huja kwa hatua: kwanza nyama na ugali hukwama, kisha uji, mwisho hata mate; na mwili hukonda. Hapa Ugogo yafaa kuangalia sana, kwa kuwa mlenda huteleza. Mzee aachaye ugali mkavu wa uwele na kuzidisha mlenda aweza kuonekana kama aliyebadili hamu tu, kumbe njia inazibika.

Wengine husema amerogwa au amelishwa kitu, na miezi hupotea kwa kuhama toka mganga hata mganga. Ugonjwa ukiwahiwa, aweza kupasuliwa au kutibiwa kwa mionzi na dawa. Akichelewa, mara nyingi husaidiwa tu kwa kijibomba cha waya kiwekwacho umioni, apate kula.

Kwa hiyo wazee wa vijiji na walimu, mwambieni kila mtu: tonge likianza kukwama, asingoje kukonda. Aende zahanati, aombe barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Mkoa wa Dodoma au ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015, na aulize habari za kipimo cha bomba jembamba lenye taa, ambalo kwalo daktari huutazama umio wenyewe. Tonge likwamalo leo laweza kutibika. Mate yakishakwama, saa imekwenda.